Mchaichai Hauna Mbegu

Mchaichai unaoota nyuma ya majiko ya Gety, mashariki ya Kongo, hautegemei mbegu. Ni nadra kuuona umetoa ua. Unaweza kukaa miaka mahali pamoja ukinenepa, majani ya nje yakijikunja na kukauka, mengine yakichomoza katikati, basi. Anayetaka wa kwake huenda kwa jirani na jembe, akapasua kichaka, akaondoka na mashina mawili matatu yenye mizizi, akayapunguza majani yasinyauke njiani. Kwa hiyo kila kichaka kilichopo kati ya Gety na Bunia, kilomita kama sitini za vumbi na matope, kilitoka mkononi mwa mtu kikaingia mkononi mwa mwingine. Wala si ndege wala si upepo uliokileta. Historia ya harufu hii, ndimu yenye ukali wa viungo, ni historia ya waliobeba.

Na mafuta yake nayo yana historia, ila ya namna nyingine. Yenyewe yalibebwa kwenye mapipa, yakauzwa kwa kilo, yakaandikwa vitabuni. Kwa miaka michache historia hizo mbili zilikutana katika nyanda za juu za mashariki ya Kongo, kisha zikaachana.

Kwao mmea huu ni Asia ya kusini na kusini-mashariki. Wataalamu wa mimea huuita Cymbopogon citratus. Una ndugu yake wa pwani ya Malabar, India, Cymbopogon flexuosus, mrefu zaidi, mwenye kutoa maua na mbegu, na huyo ndiye aliyeipa bandari ya Kochi sifa ya mafuta ya mchaichai. Yupo na wa tatu, nyasi za Ceylon na Java, ambazo mafuta yake ndiyo hutiwa kwenye mishumaa ya kufukuza mbu. Wafanyabiashara waliwachanganya hawa wote hadi mwaka 1906, Otto Stapf wa bustani za Kew, London, alipokaa akayapanga majani haya ya mafuta kila moja mahali pake. Mafuta ya Malabar yaliuzwa Ulaya kwa jina la vervena ya Kihindi, nayo yaliingia katika sabuni na manukato ya bei nafuu, kwa wanunuzi waliotaka harufu ya ndimu bila kulipia ndimu zenyewe.

Upande wetu wa Bahari ya Hindi mchaichai uliingia majikoni kabla ya kuingia viwandani. Unguja na Pemba unachemshwa katika chai pamoja na tangawizi, iliki na mdalasini, na kwa wengi unakuwa chai yenyewe siku ambayo majani ya dukani hayapo. Pemba ilikuja kupata pia kiwanda cha makonyo huko Wawi, karibu na Chake Chake, ambacho kazi yake ya kwanza ni kukamua mafuta ya vikonyo vya karafuu kwa mvuke, lakini mitungi yake imepitisha pia mchaichai, mkaratusi na majani ya mdalasini. Komoro ilitangulia. Kampuni za Kifaransa zilizoshika mashamba ya visiwa hivyo mwanzoni mwa karne ya 20 zilipeleka mafuta ya mchaichai na ya ilangilangi kwa watengenezaji manukato wa Ufaransa.

Ituri, mkoa wenye Gety na Bunia, iko mbali na pwani hiyo, na Kiswahili kilifika huko kwa taabu. Mwezi wa Desemba 1887 msafara wa Henry Morton Stanley, uliokuwa ukimtafuta gavana Emin Pasha, ulitoka katika msitu wa Ituri ukiwa umepungua sana kwa njaa na mapigano, ukafika kwenye ukingo wa nyanda unaotazama Ziwa Albert. Wapagazi wake wengi walikuwa Wazanzibari. Nyuma yao msituni walikwisha kutangulia watu wa Kilonga-Longa, wafanyabiashara wa pembe na watumwa waliotoka Manyema. Sidhani kama kati ya watu wale wenye njaa, waliokuwa wakila chochote walichokiona porini, kulikuwa na aliyebeba mche wa mchaichai. Walichokiacha ni lugha, na baadaye, pamoja na lugha, mazoea ya kunywa kitu cha moto asubuhi.

Waliobeba miche walikuwa wengine. Mwaka 1896 Apolo Kivebulaya, Mganda, alivuka Semliki akaanza kazi ya Kanisa la Anglikana huko Mboga, kusini mwa nchi ya Wangiti. Mwaka 1903 dhahabu ilionekana huko Kilo, na kambi za wachimbaji zikajaa watu wa kila kabila waliolazimika kuelewana kwa Kiswahili. Mwaka 1912 wamisionari wa Africa Inland Mission walifika upande wa Mahagi. Misheni, kambi za migodi na vituo vya serikali vyote vilikuwa na bustani, na katika bustani hizo ndimo mlimopandwa mimea ya mbali: mikaratusi, miparachichi, michungwa, mapera. Mchaichai ni mmea wa bustani za namna hiyo hasa. Hauombi palizi nyingi, unashika udongo wa kingo za vijia, na mpishi anaweza kuukata akiwa amesimama mlangoni. Mpishi akirudi kwao likizo, anao.

Mafuta yalikuja na walowezi. Serikali ya Kibelgiji iliwagawia Wazungu ardhi ya nyanda za juu za Kivu na Ituri kwa sababu hali yake ya hewa iliwafaa, na mashamba yao yakatafuta mazao yenye thamani kubwa kwa uzito mdogo, yasiyoliwa na gharama za safari hadi baharini: kahawa ya arabika, pareto, kwinini, na mimea ya harufu kama jerani na mchaichai. Taasisi ya utafiti wa kilimo ya koloni, INEAC, iliyoundwa mwaka 1933, ilikuwa na kituo Nioka, kaskazini mwa Bunia, kwa ajili ya kilimo cha milimani. Kisha vita vikawapa walowezi nafasi. Mwaka 1942 Wajapani waliikamata Java, na mafuta mengi ya nyasi yaliyokuwa yakitoka Mashariki ya Mbali yakakatika ghafla. Wenye viwanda vya sabuni na dawa Marekani na Uingereza wakageukia Guatemala, Haiti, Madagaska, na Kongo.

Mtambo wenyewe haukuwa na siri. Yeyote aliyewahi kuona pombe ya lotoko ikipikwa ameona namna mafuta ya mchaichai yanavyokenekwa: pipa, moto chini, bomba linalopita katika maji baridi, na chombo cha kupokea. Tofauti iko ndani ya pipa. Majani yaliyokatwa huachwa yanyauke kidogo, hukatwakatwa, hupangwa juu ya wavu ili yasiguse maji, kisha hukanyagwa kwa miguu hadi yabane, kwa maana yakiacha nafasi mvuke hupita pembeni na kuacha mafuta kwenye majani. Mvuke ukipanda hubeba harufu. Ukipoa kwenye bomba hugeuka maji yenye ukungu, na baada ya muda mafuta hujitenga yakaelea juu, rangi ya manjano kuelekea kahawia ya chai hafifu. Ukiyaonja kwa ncha ya ulimi yanachoma. Kilo mia za majani mabichi hutoa gramu mia mbili, tatu, pengine mia tano za mafuta, kutegemea msimu, umri wa majani na ujuzi wa mwenye moto.

Hesabu hiyo inaeleza kwa nini mafuta haya hayakuwa ya mkulima wa kawaida. Kupata bidoni moja ya lita 20 kulihitaji tani kadhaa za majani, kuni za kutosha, maji yanayotiririka na watu wengi wa kukata na kubeba. Mlowezi alikuwa na ardhi aliyopewa na nguvu kazi aliyoilipa kidogo. Mwanakijiji, ambaye tangu 1917 sheria ya koloni ilimlazimisha kutoa siku 60 kwa mwaka kulima alichoambiwa, alibaki na kichaka chake nyuma ya jiko. Alikata majani mchana kwa ajili ya pipa la bwana na jioni akakata mengine kwa ajili ya sufuria yake, harufu ileile mkononi.

Bidhaa za Ituri zilizokwenda mashariki zilishuka mteremko mkali kutoka nyanda za juu hadi Kasenyi, bandari ya Ziwa Albert ambayo kutoka vilima vya Bogoro unaiona kama mstari wa mabati kando ya maji. Huko zilipakiwa katika meli za Shirika la Reli la Kenya na Uganda, zikavuka hadi Butiaba, zikapanda kwa barabara hadi Masindi, zikashika tena maji ya Kyoga, kisha reli hadi Mombasa. Kupakia na kupakua kote huko kuliwafaa wenye kahawa na wenye mafuta ya harufu. Mwenye mihogo asingethubutu. Butiaba nayo haikudumu. Ziwa lilijaa mwanzoni mwa miaka ya 1960, likaifunika bandari, na njia hiyo ikafa.

Lakini pigo kubwa halikutoka ziwani. Lilitoka maabara.

Kinachonukia katika mchaichai ni kemikali iitwayo sitrali, ambayo katika mafuta mazuri hufika robo tatu ya ujazo wote. Mwaka 1893 Ferdinand Tiemann na Paul Krüger, Wajerumani, walichukua sitrali ya mchaichai, wakaichanganya na asetoni, wakapata iononi, kitu chenye harufu ya maua ya vayoleti. Vayoleti halisi ilikuwa ghali kupita kiasi. Kuanzia hapo hata msichana wa dukani aliweza kuinunua ndani ya kichupa. Hilo peke yake liliipandisha thamani nyasi ya Malabar. Mwaka 1947 Otto Isler na wenzake wa kampuni ya Hoffmann-La Roche, Uswisi, walipiga hatua nyingine: kwa kuanzia na iononi walitengeneza vitamini A kwa kiwango cha kiwanda. Ghafla mafuta yaliyokuwa ya sabuni yakawa malighafi ya dawa ya macho na lishe ya kuku. Kwa miaka michache kila aliyekuwa na pipa na nyasi aliona mbele kunang'aa.

Furaha hiyo ndiyo iliyoharibu soko. Kitu kikitakiwa sana, wanakemia hutafuta njia ya kukipata bila mkulima, na katika miaka ya 1950 na 1960 waliipata: sitrali ikaanza kutengenezwa kwa tapentaini ya misonobari, halafu kwa mazao ya mafuta ya petroli. Ilikuwa safi, haikuwa na msimu, wala haikungoja meli ya Kasenyi. India ilishika hatamu ya kile kilichobaki. Serikali yake ilikuwa imefungua kituo cha utafiti wa mchaichai Odakkali, Kerala, mwaka 1951. Kongo ilikuwa na mambo mengine. Uhuru ulikuja Juni 1960, maasi ya Simba yakapita mashariki mwaka 1964, walowezi wengi wakaondoka. Waliobaki walikutwa na tangazo la Rais Mobutu la 30 Novemba 1973 lililokabidhi mashamba na maduka ya wageni kwa Wazairwa, kama Wakongo walivyoitwa wakati huo, waliochaguliwa. Wengi wa wamiliki hao wapya walitaka kilichokuwa tayari kwenye ghala, hawakuwa na haja ya kilicho shambani. Mapipa yakapata kutu. Siwalilii walowezi, lakini ujuzi wa kupanga majani juu ya wavu ulikuwa wa wafanyakazi, na ulipotea pamoja na malipo yao.

Kichaka cha nyuma ya jiko hakikusikia habari za bei.

Katika nyumba za Ngiti, Hema, Bira na Lendu wa kusini mwa Ituri, mchaichai una kazi kadhaa, na hakuna anayezipanga kwa orodha. Asubuhi majani hufungwa fundo ili yasitapakae, hutupwa katika maji yanayochemka, sukari ikiwepo hutiwa, isipokuwepo chai hunywewa hivyo hivyo na kipande cha muhogo. Mgonjwa wa homa huinamishiwa sufuria chini ya blanketi: mchaichai, majani ya mkaratusi, ya mpera, wakati mwingine ya mwembe, na mvuke unaomfanya atokwe na jasho hadi mgongoni. Huko ndiko kujifukiza, na Aprili 2020, korona ilipokuwa imeingia Afrika Mashariki na Rais John Magufuli wa Tanzania akakunadi hadharani, kila mtu kutoka Dar es Salaam hadi Bunia alijua anazungumzia nini.

Hapa ni lazima tuwe waangalifu. Mvuke hufungua pua, joto hutuliza maumivu ya misuli, na kinywaji cha moto ni bora kuliko maji ya mto yasiyochemshwa. Faida hizo ni za kweli. Malaria ni jambo jingine. Hakuna chai ya mchaichai iliyothibitika kutibu malaria, na mtoto wa Gety mwenye homa kali anayefukizwa siku mbili kabla ya kupelekwa hospitali anapotezewa siku mbili. Hata sifa ya kuleta usingizi ina walakini. Huko Brazili, ambako chai hii ni dawa ya wasiwasi kwa kila bibi, Elisaldo Carlini na wenzake waliipima kwa watu na kutangaza matokeo yao mwaka 1986: haikuwadhuru, na haikuwalaza wala kuwatuliza kuliko chai ya kudanganyia. Mafuta yenyewe, tofauti na chai, si ya kunywa wala ya kupaka ngozi bila kuyachanganya na mafuta mengine. Mbu huyaogopa kwa muda mfupi tu. Harufu ikishapungua, wanarudi.

Wafugaji wa nyuki ndio walioshika jambo ambalo sayansi ilikuja kulithibitisha. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki mwenye mzinga mpya husugua ndani yake majani ya mchaichai yaliyopondwa kabla ya kuutundika, na kundi linalotafuta makao huuelekea. Nyuki mfanyakazi ana tezi karibu na ncha ya tumbo, iliyopewa jina la Nikolai Nasonov, Mrusi aliyeieleza. Anapowaita wenzake nyumbani huinua tumbo, hufungua tezi na kupepea mabawa. Harufu inayotoka ina sitrali ndani yake. Kwa maneno mengine, mfugaji anayesugua mzinga anawaambia nyuki kwa lugha yao kwamba wenzao wamekwisha kufika.

Kisha vikaja vita vya Ituri. Kati ya 1999 na 2003 mapigano yaliua makumi ya maelfu ya watu katika mkoa. Mnamo 24 Februari 2003 wapiganaji walishambulia Bogoro, kwenye barabara ileile ya kushukia ziwani, na kwa mauaji hayo Germain Katanga, kamanda aliyetoka eneo la Walendu-Bindi, alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwaka 2014. Gety ni makao makuu ya Walendu-Bindi. Mwaka 2006, jeshi la serikali lilipopigana na waasi wa FRPI vijijini, makumi ya maelfu ya watu walikimbilia Gety yenyewe, wakajazana katika vibanda vya nyasi, na wengi, hasa watoto, wakafa kwa magonjwa na njaa.

Vijijini walikotoka, nyumba zilichomwa na migomba ikafyekwa. Katika mahame, mchaichai ni miongoni mwa vitu vya mwisho kuondoka: moto hupita juu, majani yakaungua, mashina chini yakachipua mvua ikinyesha. Ng'ombe haupendi sana, mwizi hana haja nao. Anayerudi baada ya miaka anajua jiko la mama yake lilikuwa wapi hata kama hakuna tofali lililobaki. Mkataba wa amani kati ya serikali na FRPI ulitiwa saini Gety tarehe 28 Februari 2020. Waliorudi mashambani walirudi na mbegu za maharage walizopewa na mashirika. Mchaichai walipeana wenyewe.

Mafuta nayo yanafika Gety leo, kwa njia ambayo mkataji wa nyasi wa mwaka 1945 asingeitambua. Katika kampeni za afya, muuguzi anakata kwa mkasi ncha ya kidonge laini na kuminya tone mdomoni mwa mtoto: cha bluu kwa wa miezi 6 hadi 11, chekundu kwa waliotimiza mwaka mpaka wafike mitano. Ndani ni vitamini A, ambayo viwanda vingi duniani huitengeneza kutokana na sitrali, isipokuwa sitrali hiyo sasa hutoka kwenye mabomba. Mnamo 31 Oktoba 2017 moto ulizuka katika kiwanda cha sitrali cha BASF huko Ludwigshafen, Ujerumani. Kampuni ilitangaza kwamba haiwezi kutimiza mauzo yake ya vitamini A na E, bei zikaruka, na kwa miezi kadhaa watengenezaji wa lishe ya mifugo na wa manukato waligombania kilichopo. Ilionekana wazi jinsi dunia ilivyoegemea majengo machache tu kwa kitu ambacho zamani kilikatwa kwa panga.

Tangu hapo wapo wanaouliza kama mapipa yasingerudi Ituri, kwa kuwa Ulaya na Marekani wapo wanaolipia mafuta yatokanayo na mmea halisi. Swali ni zuri, lakini hesabu yake haijabadilika. Pipa la lita 200 likishindiliwa vizuri huchukua majani ya kilo hamsini hivi, na kutoa mafuta yasiyojaza chupa ndogo ya soda. Kuni za kulichemsha zinatoka kwenye vilima vilevile vilivyokwisha kuwa uchi. Chupa ikipatikana lazima ipimwe, iwe na cheti, ipite vizuizi vya barabarani hadi Bunia, kisha hadi mpakani, na katika kila kizuizi kuna mkono unaongoja. Wanawake wa masoko ya Bunia wamechagua biashara fupi zaidi: wanauza fungu la majani mabichi, limefungwa kwa uzi wa mgomba, na ukiomba shina lenye mizizi wanakuongezea bure.